Barua Mia Moja Tisini na Mbili za Mvua

Kompyuta ilipofika ofisini kwetu ilipokelewa kama bibi harusi. Chumba kilifagiliwa mara mbili kwa siku moja, mkurugenzi akaagiza pazia jipya, na mimi, katibu wa mradi, nikakabidhiwa kitambaa laini cha kuifutia vumbi kila asubuhi. Ilikuwa Kisangani, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, katika mradi mmoja wa kilimo ambao ofisi yake haikuwa mbali na mto. Mashine za taipu tulikuwa nazo nne. Kompyuta ilikuwa moja tu, na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyepelekwa Kinshasa wiki mbili kujifunza kuitumia, nilianza kutembea kwa madaha. Mama yangu aliniuliza kama nimeumia kiuno.

Nayataja majivuno yangu mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mtu wa pili katika habari hii ni jirani yangu wa Mangobo, ambaye mtaa mzima ulimwita papa wa mvua, yaani baba wa mvua. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mtunzaji wa kituo kidogo cha mvua cha mradi wetu, kwenye barabara ya Bengamisa. Kituo ni neno kubwa. Palikuwa na kopo la kupimia mvua juu ya mlingoti, uzio wa waya na kibanda cha kulala. Kila asubuhi saa moja kamili papa alikwenda kuona maji mangapi yameingia tangu jana, akayamimina katika gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Hakuwa na Jumapili wala sikukuu. Alikuwa Mwislamu wa familia iliyokaa mjini humo tangu zamani za biashara ya pembe za ndovu, hakuonekana bila kofia yake nyeupe, na kalamu yake ilikuwa na mfuko wake peke yake.

Mradi ulipokifunga kituo, papa alirudi Mangobo na akaleta ofisini madaftari kumi na sita, moja kwa kila mwaka, yamefungwa kwa kamba. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi, kule mto unakoteremkia, walikuwa wakikusanya mvua ya mkoa mzima, naye alitaka ya kwake iingie humo. Mkurugenzi alikubali, akanitazama, akasema kompyuta si ya kufutwa vumbi tu.

“Miye nitakufa, mama,” papa aliniambia siku ile, akiyaweka madaftari mezani pangu. “Kazi yangu haina nyumba ya kuonyesha, haina barabara. Iko mvua tu. Donc, ile mvua ibakie ku Yangambi.”

Nilimwahidi. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi siku zile.

Kila ukurasa wa madaftari yale ulikuwa na safu tatu: tarehe, kipimo cha maji, na ya mwisho, iliyoandikwa juu yake “Observations”. Katika safu hiyo ya mwisho wakubwa walitaka aandike mambo kama upepo au mawe ya mvua. Papa aliandika hayo, kisha akaandika na mengine yaliyomjia. Mbuzi ameingia uzioni. Mke amerudi kutoka kwao. Leo radi imepiga mti nyuma ya kibanda, nimeswali nikitetemeka. Kalamu mpya.

Sasa, huko Kinshasa nilikuwa nimefundishwa jambo moja tu kwa ukamilifu, nalo ni kuandika barua. Jedwali sikulijua. Basi kila mwezi wa mvua niliuandika kama barua rasmi. Juu niliweka jina la nchi, chini yake jina la Chama kilichotawala, kisha la mradi, kisha “Objet: Pluie”, maana yake Kuhusu: Mvua, na mwisho, baada ya tarehe ya thelathini au thelathini na moja, niliwatakia wasomaji salamu za kimapinduzi. Miaka kumi na sita mara miezi kumi na miwili ni barua mia moja tisini na mbili. Ilinichukua miezi mitano. Safu ya tatu niliiacha. Ningewezaje kuweka mbuzi chini ya jina la Chama? Niliona nafanya kazi safi, nikaiona safu ile kama takataka ya mzee asiye na mtu wa kuongea naye.

Papa alipokuja kutazama, nilimwonyesha barua moja kwenye kioo. Alisoma hadi mwisho, midomo ikichezacheza.

“Ni muzuri,” alisema. Kisha akauliza kwa adabu, “Na ile ingine?”

“Ile haiombwi, papa. Wanataka chiffre, namba tu.”

“Bon,” akasema, akaenda zake.

Vijana wa leo hawaijui salongo. Kila Jumamosi asubuhi, kwa amri ya Chama, mji mzima ulitoka na mifagio na mapanga kusafisha: mitaro, barabara, viwanja, na maofisini pia. Jumamosi moja mkurugenzi aliamuru makabati yamwagwe. Kila karatasi isiyo na kazi itoke. Nikayaona madaftari ya papa, nikajisemea kwamba mvua yote imo kwenye mashine, na kwamba karatasi ni mali. Ilikuwa mali kweli. Katika soko la Mangobo akina mama wa karanga walifungia karanga zao katika karatasi yoyote waliyoipata: kurasa za madaftari ya shule, magazeti, fomu za hospitali. Nikayabeba madaftari kumi na sita kichwani mimi mwenyewe, nikampelekea mama wa karanga niliyemzoea. Alinishukuru kwa gilasi mbili za karanga za kukaanga. Nilizila njiani nikirudi nyumbani, na zilikuwa tamu.

Mwaka ulipita hivi hivi, barua zikiwa bado ndani ya mashine, maana kila wiki nilisema nitazipeleka Yangambi wiki ijayo. Papa aliendelea kupima mvua uani kwake kwa kopo la maziwa, na kila mwisho wa mwezi alileta ofisini karatasi moja iliyoandikwa vizuri, ambayo hakuna aliyemwomba. Alisalimu, aliitoa, alikaa kidogo akinitazama, akaondoka. Niliamini ni upweke.

Ndipo akaja fundi.

Alitumwa kutoka Kinshasa kwa sababu wafadhili walituletea programu mpya ya hesabu za mazao, na programu hiyo ilikataa kufanya kazi na mfumo wa zamani uliokuwa katika kompyuta yetu. Ilitaka mfumo mpya. Fundi alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyong’aa hata kwenye matope yetu, na Kiswahili alikiokota utotoni Bukavu. Alifika Alhamisi. Ndege ya kumrudisha ilikuwa Jumatatu mchana. Ijumaa asubuhi alikaa mbele ya mashine yangu, akapekuapekua, akaguna kama daktari.

“Mama, kuko njia mbili,” aliniambia. “Ya kwanza, tunaweka système mupya juu ya ile ya zamani. Vitu vyako vyote vinabakia vile vile. Ya pili, tunafuta disque yote, tunaanza na zéro.”

“Ya kwanza,” nilisema kabla hajafunga mdomo.

“Ngoja kwanza. Ile mashine yako iko muchafu. Kuko michezo mule, kuko vitu vilikatika nusu, pengine kuko na ugonjwa. Ukiweka mupya juu, uchafu wote unabakia chini. Miye napendaka kufuta. Ukifuta, unajua kitu gani iko ndani.”

Nilichukia neno lile “muchafu”, mimi niliyeifuta kila asubuhi. Lakini zaidi ya kuchukia, niliogopa. Nilimwuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kwamba akifuta, vitu vilivyomo si tunaviweka kwanza kwenye disketi? Akaniambia ndiyo, leta disketi. Nikafungua droo. Disketi zetu kumi zilikuwa zimeota kuvu, kuvu jeupe kama la mkate wa juzi, kwa sababu unyevu wa mji wetu hauna huruma. Fundi aliziinua moja moja kwenye mwanga, akasema hata moja haingii katika mashine, itachafua kichwa cha kusomea. Madukani hapakuwa na disketi. Huenda wauzaji wengine hawakujua ni mnyama gani. Mashine ya kuchapia ya kompyuta nayo ilikuwa inangoja utepe tangu mwezi uliopita. Yeye mwenyewe alikuwa na disketi moja tu tupu.

“Barua za mvua ziko ngapi?” akaniuliza, akionyesha orodha kwenye kioo.

Nikamwambia. Alizihesabu kwa macho, akazifungua mbili tatu, akaona jina la nchi, jina la Chama na salamu za kimapinduzi mara mia moja tisini na mbili. Hakucheka, namshukuru hadi leo. Alisema tu kwamba vichwa vile ni vizito kuliko mvua yenyewe, na kwamba ukitaka zote ziingie, ungehitaji disketi tatu.

Tukaenda kwa mkurugenzi, maana disketi ile moja lazima aamue yeye. Aliamua haraka: iwekwe ripoti za mradi. Kisha akanigeukia, akaniita mwananchi kama Chama kilivyotaka.

“Citoyenne, ile mvua si iko ku madaftari?”

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, swali limeulizwa vizuri, na fundi alikuwa shahidi. Nilimwona mkurugenzi katika abakosi yake, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, nikajiona nikimweleza karanga.

“Ndiyo, citoyen directeur,” nikasema. “Iko ku kabati.”

Nilimsihi fundi ajaribu kwanza njia ya kuweka juu. Alinionea huruma, akajaribu. Akaingiza disketi ya mfumo mpya, akaandika amri, mashine ikakoroma, halafu ikajibu kwa mstari mmoja kwamba hakuna nafasi ya mfumo. Nilimwonyesha kwamba diski bado ina nafasi, si ndogo. Akanieleza kwamba mfumo haukai popote. Lazima ukae mwanzoni kabisa mwa diski, kama wakubwa wa Chama siku ya gwaride, ambao lazima wapate viti vya mbele hata uwanja ukiwa mtupu nyuma. Mfumo mpya ni mnene kuliko wa zamani, na viti vilivyofuata vimeshakaliwa. Iko programu ya kuwasogeza waliokaa, alisema, lakini iko Kinshasa.

“Basi tunafuta?”

“Lundi asubuhi, mbele ya ndege yangu. Saa mbili. Mambo yako ya mvua, kama iko ku kabati, utaandika tena. Na mara hii nitakuonyesha kufanya tableau.”

Jumamosi nilifyeka majani na wenzangu kwenye salongo nikiwa sisikii utani wao. Mradi ungeishi bila mvua ya papa. Mkurugenzi angeishi, hata Yangambi wangeishi. Walikuwa na vituo vingine. Aliyekuwa akipoteza ni mtu mmoja, na alikuwa amepoteza tayari tangu mwaka jana, ila mashine ilikuwa bado imemshikia. Jumatatu ingemwachia. Panga mkononi, nikapata wazo lililokuwa rahisi mno hata nikajikasirikia: kama mashine haiwezi kuandika kwenye karatasi, mkono unaweza. Mimi nisome kwenye kioo, mtu aandike. Siku zisizo na mvua tuziruke, zihesabiwe sifuri.

Nilimkuta papa uani kwake, akisugua kopo lake la maziwa. Nilimweleza yote kuhusu fundi na njia mbili. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali ambalo nilijua ataliuliza.

“Na madaftari?”

“Muchwa, papa,” nilisema. “Balikula yote.”

Alinitazama. Papa alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusoma mstari mdogo kwenye gilasi, bila kuinamisha kichwa.

“Muchwa,” akarudia.

“Muchwa, papa.”

“Bon.” Akaingia ndani, akatoka na madaftari mapya matatu ya shule, kalamu mbili na kimfuko cha kitambaa. “Twende. Mvua ya miaka kumi na sita haiishi na kuongea.”

Tulianza Jumamosi alasiri. Mlinzi alitufungulia bila maswali, kwa kuwa papa alimjua baba yake. Mimi nilikaa mbele ya kioo, papa akakaa kwenye meza ya taipu, akapiga mistari ya safu kwa rula, tatu kila ukurasa, ya mwisho ikiwa pana. Nilisoma tarehe na kipimo, yeye akarudia, akaandika. Alirudia kila tarakimu, hakuna hata moja aliyoipokea kimya. Mwanzoni niliona ananichelewesha. Baada ya mwaka mmoja wa mvua tukapata mwendo, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja.

Kisha nikaona kwamba kalamu yake haikai kimya baada ya kipimo. Nilipofika mwezi wa kumi wa mwaka wa kwanza, nikasoma themanini na moja, akacheka.

“Ile siku! Mutaro ulibeba kuku zangu mbili.” Na akaiandika kwenye safu ya mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa hadi jua likazama, na ndivyo ilivyokuwa kesho yake tangu asubuhi. Si kila siku aliikumbuka. Nyingine aliziacha, nyingine alizikunjia paji la uso, akangoja, akasema basi. Lakini nyingi zilimjia kwa kusikia tarakimu tu. Tarakimu ambazo mimi nilizipiga miezi mitano nikiwaza chakula cha mchana, yeye alizitambua kama mtu anavyotambua watoto wake gizani kwa kikohozi. Niliona haya. Nilisema polepole zaidi.

Jumapili hiyo nilikosa misa kwa mara ya kwanza mwaka ule. Saa ya adhuhuri papa aliomba ruhusa, akatandika boksi safi la kompyuta lililokuwa nyuma ya kabati, akaswali. Mimi niligeukia dirishani nikasali la kwangu, nikiomba zaidi kwa ajili ya umeme. Mungu alisikia kiasi: ulikatika kwa saa moja tu, tukakaa tukila muhogo wa kuchemsha niliokuja nao. Aliniuliza habari za mama yangu, na akaniambia kwamba nasoma vizuri.

Saa nane mchana tulikuwa tumefika mwaka wa kumi na moja. Mwezi wa tano. Nilisoma tarehe tisa, kumi na mbili nukta nne.

Hakurudia.

Nilidhani hakusikia, nikasoma tena. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi bila kuigusa.

“Ile chiffre ni uongo,” alisema.

Nilimwuliza kama nimeikosea mimi. Akatikisa kichwa.

“Ni miye. Ile siku sikutoka kupima. Mutoto wetu wa kike alikufa na homa ile asubuhi, saa ya kwenda ku mvua. Nilisikia mvua ku mabati usiku wote, nilijua iko maji kule, lakini nilibakia nimemushika. Jioni nilimwaga yote. Halafu nikafikiri, patron atauliza, juu ya nini kuko tundu. Nikatafuta chiffre yenye heshima. Si kubwa, si ndogo. Siku elfu tano na mingapi, mama. Zote ni za kweli. Moja tu.”

Mashine ilikuwa ikivuma. Alikuwa anaongea na mimi, mtu aliyemdanganya, kama mtu anayeongea na mwenye haki ya kuambiwa.

“Papa,” nikasema, “haikuwa muchwa.”

Alingoja.

“Ni miye. Nilipelekea mama wa kalanga, siku ya salongo. Nilizani juu iko ku mashine, basi. Alinipa gilasi mbili. Nilikula.”

Nilisema hayo yote nikitazama kioo, na nilikuwa nalia, na nilikasirika kwamba nalia. Papa akafungua kimfuko chake cha kitambaa. Akatoa kurasa zilizokunjwa, zenye madoa makubwa ya mafuta, akazipanga juu ya meza ya taipu moja moja, kwa mkono ule ule uliozoea kupanga. Zilikuwa kumi na moja. Niliutambua mwandiko kabla sijaukaribia.

“Minajua, mutoto yangu,” alisema. “Nilinunua kalanga ku soko, nikafungua, nikakuta mwezi wangu wa pili. Nikarudi. Nikanunua tena. Mwezi muzima nilikula kalanga, asubuhi na jioni, mpaka tumbo ilikataa. Kumi na moja tu. Zingine watu walikula, walitupa.”

“Na kila mwezi ulikuja ofisini.”

“Nilikuja.”

“Hukusema kitu.”

“Nilikuwa nangoja weye useme.”

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenifokea, ningejua la kufanya. Nilikaa pale nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nimefika Kinshasa na kurudi, na sikumbuki kuona aibu kubwa kama ile, kabla wala baada. Papa alinisubiri nifute uso kwa kitambaa laini cha kompyuta. Halafu akachukua kalamu.

Kwenye tarehe tisa, katika safu ya kipimo, alichora mstari mfupi. Kwenye safu ya tatu akaandika: Sikupima. Mtoto amekufa. Akaukausha wino kwa kupuliza, akalisogeza daftari la kwanza upande wangu, akalifungua kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, pale juu palipobaki nafasi.

“Sasa andika na yako.”

Niliandika kwamba madaftari ya kwanza yalifungia karanga sokoni Mangobo, na kwamba ni mimi niliyeyatoa. Nilitaka kuongeza maneno ya kujitetea, juu ya salongo na amri ya mkurugenzi. Nafasi ilikuwepo. Sikuyaongeza. Tukarudi kwenye tarehe kumi, mwezi wa tano, sita nukta mbili, akarudia sita nukta mbili, na tukamaliza mwaka wa kumi na sita wakati jua la jioni linaingia dirishani limelala. Zile kurasa kumi na moja za mafuta tulizilinganisha na kioo. Nilikuwa nimekosea mara mbili.

Jumatatu kabla ya saa mbili nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamwambia kwamba kabatini hakuna kitu na kwa nini. Alinipa barua ya onyo, ambayo ilibidi niitaipu mwenyewe, kwa mashine ya taipu, maana kompyuta ilikuwa na fundi. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Mashine ilimwuliza kama ana hakika. Fundi alinigeukia, akanitazama usoni, nami nikasema ndiyo. Diski ikasaga kwa muda mrefu. Ilipomaliza, kioo kilikuwa cheusi, na alama moja inapepesa kwenye kona.

“Unaona?” alisema fundi. “Safi.”

Alisema kweli. Ilienda haraka kuliko zamani, na kabla ya kuondoka kwenda uwanja wa ndege alinionyesha jedwali, kama alivyoahidi. Miaka kumi na sita ikaingia katika faili moja dogo lisilojaza hata disketi moja, na safu ya tatu imo. Niliitaipu yote, mbuzi na kuku na radi. Madaftari ya papa niliyakalia karibu, na sikuyatoa machoni mpaka mwisho. Disketi mpya zilipoletwa, nilitia faili hilo katika moja, nikaifunga ndani ya kopo la maziwa lenye punje za mchele mkavu, nikaipandisha kwenye boti ya Yangambi.

Majibu yalichukua miezi miwili. Mtafiti mmoja alituandikia barua nzuri, akisifu kazi na akisema hajawahi kuona vipimo vyenye maelezo kama haya. Alikuwa na ombi moja tu. Katika miaka yote kumi na sita kulikuwa na siku moja isiyo na kipimo, tarehe tisa ya mwezi wa tano, mwaka wa kumi na moja. Kwa kutumia vituo vya jirani angeweza kukisia kwa hesabu ilinyesha kiasi gani, ili safu isiwe na tundu. Je, tunamruhusu ajaze?

Nilimpelekea papa barua ile Mangobo jioni hiyo hiyo. Aliisoma mwenyewe, mara mbili, amekaa mlangoni. Alinirudishia.

“Mwambie asante,” alisema. “Mwambie hapana.”

Kesho yake nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika jibu kama nilivyofundishwa: jina la nchi, jina la Chama, jina la mradi, Objet: Pluie. Chini yake niliandika kwamba siku hiyo haikupimwa, na tunaomba ibaki hivyo.